Mzizi umesafishwa, jino bado linauma: Brufen, Panadol, sindano au karafuu?

Ganzi haina tabia ya kuaga. Unatoka kwa daktari wa meno saa 5 asubuhi, shavu moja zito kama la kuazima, ukinywa maji yanachuruzikia shingoni, na moyoni unajipongeza kwamba kazi imekwisha. Halafu kwenye saa 9 alasiri, umo ndani ya daladala au uko jikoni, jino linaanza kugonga. Si yale maumivu ya mwanzo ya kukesha umeshika shavu ukitazama feni ya dari inavyozunguka. Haya ni mazito, yako chini zaidi, kama mfupa wenyewe umekanyagwa. Ndipo mtu anapokuja dirishani kwangu na swali lile lile: "Si mshipa umeshauawa? Sasa kinachouma ni nini?"

Mimi ni mfamasia wa duka la mtaani hapa Dar es Salaam, si daktari wa meno. Lakini mwaka juzi na mimi nilikikalia kile kiti, gego la chini kushoto, kwa hiyo nimelionja dirisha kwa pande zote mbili.

Swali ni la haki, na jibu lake ndilo linaloamua ununue nini. Kilichotolewa ni kiini cha jino: nyama laini, mishipa ya damu na neva zilizokuwa ndani ya mzizi. Lakini jino halielei hewani. Limefungwa kwenye taya kwa utando wa nyuzi nyembamba unaouzunguka mzizi, na utando huo una neva zake ambazo hazikuguswa wala hazikupaswa kuguswa. Ndizo zinazokuambia umeng'ata jiwe kwenye wali. Daktari akisafisha, visindano vyake hufika karibu kabisa na ncha ya mzizi, na uchafu kidogo pamoja na bakteria huweza kusukumwa nje ya ncha hiyo. Dawa ya kuoshea nayo ni kali. Ile harufu ya Jik uliyoisikia ukiwa umepanua mdomo haikukudanganya, ni kemikali ile ile, sodiamu haipokloraiti. Mwili hauchukulii mambo haya kwa utani. Unapeleka damu na majimaji pale nchani, tishu zinatengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini zinazozifanya neva ziwe nyepesi kushtuka, na kwa kuwa pande zote ni mfupa, uvimbe hauna pa kutanukia. Ndiyo maana jino linagonga sambamba na mapigo ya moyo.

Kwa hiyo ukija dirishani, unatafuta dawa ya uvimbe ulio chini ya jino, ndani ya mfupa. Shika hilo, maana vitu vingi ninavyoombwa haviwezi kufika huko.

Na uvimbe huo hauna maisha marefu. Mapitio ya tafiti ya Pak na White, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalikuta kwamba kabla ya matibabu watu kama 81 katika kila 100 walikuwa na maumivu. Siku moja baadaye walibaki 40, na wiki moja baadaye walibaki 11. Hata hao wengi wao maumivu yao yalikuwa yameshuka. Unachohitaji ni kitu cha kukuvusha siku mbili tatu.

Kabla hujanunua, funga meno

Funga mdomo taratibu, kama unavyomeza mate. Jino lililotibiwa linagusana na mwenzake wa juu au wa chini kabla ya mengine? Kama ndiyo, kuna uwezekano kijazio kimezidi kimo. Kila ukimeza mate, kila ukizungumza, unaupiga utando ule uliokwisha kuvimba. Dawa itatuliza kwa saa sita, kisha utaupiga tena. Hilo ni la kurudi kwa daktari aliyekutibu apunguze, na nitalirudia chini kwa sababu nililijua kwa kichwa na bado nikalifanya kosa.

Kama meno yote yanafungana sawa na maumivu ni ya kugonga tu, au ya kushtuka ukitafuna upande ule, endelea kusoma.

Brufen na Panadol

Mtaani kwetu ibuprofeni yote ni Brufen na parasetamoli yote ni Panadol, hata pakiti ikiwa na jina jingine, na sitabishana na mtaa. Tatizo ni kwamba watu huzichukulia kama unga wa kampuni mbili: huu ukikosekana, chukua ule. Hazifanani kazi.

Parasetamoli hufanya kazi zaidi kwenye ubongo na uti wa mgongo. Inapunguza jinsi maumivu yanavyosikika na inashusha homa, lakini pale penyewe penye uvimbe haina mkono mkubwa. Ibuprofeni inakwenda kuzuia utengenezaji wa zile prostaglandini kwenye eneo lenyewe. Kwa jino lililotoka kusafishwa, Brufen ina faida iliyo wazi, na mtu mwenye tumbo, figo na moyo salama angeanza nayo. (Aliyeivumbua, Stewart Adams wa kampuni ya Boots kule Nottingham, Uingereza, alisimulia mwenyewe kwamba aliwahi kumeza miligramu 600 kutuliza kichwa kilichokuwa kinampasuka kwa pombe ya jana yake, asubuhi aliyotakiwa kuhutubia. Ikaingia sokoni Uingereza mwaka 1969.)

Sifa ya Panadol ni upole wake. Haichokonoi tumbo, haikorofishani na dawa nyingi za presha, na ndiyo mjamzito anayopewa kwanza. Udhaifu wake ni ini, na hapo haina mzaha: mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mnywaji wa pombe wa kila siku akae chini zaidi ya hapo. Wanaozidisha wengi hawakusudii. Wamemeza Panadol kwa jino, na jioni wamemeza dawa ya mafua ambayo nayo ina parasetamoli ndani. Soma nyuma ya pakiti.

Lakini mbona tuchague? Dawa hizi hazigombani, kila moja inapita njia yake, na zikimezwa pamoja nguvu zinajumlishana. Mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za tiba, yaliangalia watu waliong'olewa magego ya mwisho, maumivu ambayo watafiti wa dawa wanayapenda kwa sababu ni makali na yana saa maalumu ya kuanza. Waliomeza ibuprofeni miligramu 400 pamoja na parasetamoli gramu 1, watu 73 katika 100 walipata nafuu ya angalau nusu kwa saa sita. Ibuprofeni peke yake, 52. Kidonge kisicho na dawa, 7. Kusafisha mzizi si kung'oa jino, lakini uvimbe wa taya ni uvimbe wa taya, na chama cha madaktari wa meno cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2024, kimeziweka dawa za aina hii mbele ya zile kali za kulevya kwa maumivu makali ya meno.

Kwangu mimi huo ndio mwisho wa mashindano kwa watu wengi. Yanayobaki ni kumeza sawasawa, na hapa ndipo tunapoharibu.

Bahasha ya dawa inaandikwa 1×3 au 2×3, na tunasema "kutwa mara tatu". Kutwa! Mtu anameza saa 2 asubuhi na chai, saa 8 mchana na ugali, saa 2 usiku kabla ya kulala. Kutoka saa 2 usiku hadi saa 2 asubuhi ni saa 12, na dawa ilishaisha nguvu saa 8 usiku. Kesho anakuja kuniambia Brufen haifai, jino limemwamsha alfajiri. Gawa siku nzima pamoja na usiku wake: saa 1 asubuhi, saa 9 alasiri, saa 5 usiku. Kila mara miligramu 400 za ibuprofeni na gramu 1 ya parasetamoli, baada ya kula chochote, hata ndizi moja au uji. Hiyo ni miligramu 1,200 za ibuprofeni na gramu 3 za parasetamoli kwa siku, ndani ya kikomo cha mtu mzima mwenye afya asiye na daktari wa kumsimamia. Fanya hivyo siku mbili za kwanza hata kama maumivu yamelegea, kisha punguza.

Dozi ya kwanza usisubiri jino liite. Ibuprofeni huchukua kama nusu saa kuanza na saa moja hadi mbili kufika kileleni, wakati ganzi ya mdomo huisha ndani ya saa tatu hadi tano. Meza ukiwa bado unaongea kama mlevi.

Wanaofunga Ramadhani huniuliza, basi niliseme. Futari na daku zinatosha kubeba dozi mbili, kwa kuwa katikati yake kuna saa kama kumi. Usizirundike mbili kwa mkupuo wakati wa daku ili "zishike mchana". Na ibuprofeni kwenye mwili uliokaukiwa maji ni mzigo kwa figo, kwa hiyo kunywa maji ya kutosha usiku. Maumivu yakishinda, mgonjwa ruhusa yake ipo, atalipa siku nyingine.

Nimeweka jedwali hapa kwa wale wanaotaka kupiga picha na kuondoka. Vipimo ni vya mtu mzima.

| Dawa | Kipimo kwa mara moja | Kikomo kwa saa 24 | Inafaa uvimbe wa mzizi? | Asiyepaswa kuigusa bila daktari |
|---|---|---|---|---|
| Parasetamoli | 500 mg hadi 1 g | 4 g | Kiasi | Mwenye ugonjwa wa ini, mnywaji mkubwa |
| Ibuprofeni | 400 mg, na chakula | 1,200 mg | Ndiyo | Mwenye vidonda vya tumbo, figo, moyo, mjamzito, mwenye pumu inayochokozwa na aspirini |
| Zote mbili pamoja | 400 mg + 1 g | Vikomo vile vile | Ndiyo, kuliko zote hapa | Wote wa mistari miwili ya juu |
| Diklofenaki | 50 mg, na chakula | 150 mg | Ndiyo | Kama ibuprofeni, na moyo zaidi |
| Tramadoli, kodeini | Cheti cha daktari | Cheti cha daktari | Hapana | Karibu kila mtu kwa maumivu haya |

Sindano ya diklo

Kuna imani tuliyonayo ambayo sijui tuliirithi wapi, kwamba dawa isiyochoma si dawa. Mtu anapita maduka matatu ya Panadol kwenda zahanati kuchomwa diklofenaki makalioni, na anarudi anachechemea ameridhika.

Diklofenaki ni ndugu wa ibuprofeni, ukoo mmoja, kazi ile ile ya kuzuia prostaglandini. Kidonge cha miligramu 50 kinatuliza jino vizuri, sina ugomvi nacho. Lakini kwa mwenye moyo mgonjwa, aliyewahi kupata kiharusi au mwenye mishipa iliyoziba, diklofenaki ni mbaya kuliko ibuprofeni ya kipimo kidogo. Na sindano yake? Inafaa kwa anayetapika, au ambaye mdomo haufunguki. Kwa anayeweza kumeza, faida kubwa haipo, ila maumivu ya pili makalioni, na mara chache jipu au neva ya mguu iliyojeruhiwa kwa sababu mchomaji alikosea mahali.

Hatari ninayoiona kwa macho ni hii: mtu amechomwa diklo saa 4 asubuhi, saa 7 mchana anakuja kununua Brufen "za kuongezea". Hiyo si kuongezea. Ni kumeza dawa moja mara mbili kwa majina mawili, na anayelipa ni tumbo na figo. Vipo pia vidonge vinavyochanganya diklofenaki na parasetamoli ndani ya kimoja. Ukivinunua usiongeze Brufen, na Panadol ihesabu upya.

Kundi moja nataka lisome hapa kwa makini, wanaotumia ARV zenye tenofovir, nayo imo kwenye mchanganyiko unaotolewa kwa wengi katika nchi zetu. Tenofovir hupita kwenye figo, na diklofenaki au ibuprofeni vikiongezwa juu yake figo zinaweza kuumia. Huna haja ya kutangaza hali yako mbele ya foleni. Sema tu "kuna dawa natumia kila siku, nipe isiyogusa figo", na mtu wa dirishani aliyesoma atakupa parasetamoli.

Kodeini na tramadoli

Hizi huombwa kwa sauti ya chini. "Nipe ile kali." Ukali wake uko kwenye ubongo, uvimbe wa nchani mwa mzizi zinauacha kama ulivyo. Tramadoli inaleta kichefuchefu, kizunguzungu, kwa wengine degedege, na inazoesha. Kodeini ina kasoro nyingine inayotuhusu watu wa ukanda huu: yenyewe haitulizi kitu mpaka ini liigeuze kuwa mofini, na kasi ya kugeuza inatofautiana kwa kurithi. Kuna wasiogeuza kabisa, wamemeza chaki. Kuna wanaogeuza haraka mno, na kipimo cha kawaida kwao ni kikubwa. Utafiti wa Ethiopia uliochapishwa mwaka 1996 ulikuta karibu watu 29 katika 100 wana vinasaba vya kugeuza haraka mno, kiwango kikubwa sana ukilinganisha na Ulaya. Mama anayenyonyesha asiiguse kabisa, kwa kuwa mofini hiyo huenda kwenye maziwa. Ibuprofeni kwake ni salama.

Amoksilini na Flagyl

Pacha hawa ndio wanaouzika zaidi kwa jina la jino, na ndio ninaowakatalia wateja mpaka wengine wananuna na kwenda duka la jirani. Antibiotiki huua bakteria. Haziondoi maumivu. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 40 wenye neva ya jino iliyowaka: nusu walipewa penisilini, nusu vidonge visivyo na kitu, na maumivu yao yakaenda sawasawa. Hao walikuwa hata hawajasafishwa mzizi. Wewe uliyesafishwa, ambaye chanzo kimeshatolewa kwa mkono, una sababu ndogo zaidi ya kuzimeza. Zinahitajika uvimbe ukianza kusambaa au homa ikipanda, na hapo anayeandika ni daktari aliyekuangalia, tena mara nyingi pamoja na kulifungua jino usaha utoke.

Najua kwa nini tunazipenda. Mtu humeza amoksilini siku ya pili, siku ya nne jino limetulia, na sifa inakwenda kwa amoksilini. Lingetulia vile vile.

Karafuu ya Pemba

Hapa napaswa kutembea taratibu, mke wangu ni wa Chake Chake na kwao kila ugonjwa una karafuu yake.

Karafuu si uchawi wala si uzushi. Ndani yake kuna eujenoli, na eujenoli inatia ganzi kweli. Wawi, Pemba, kipo kiwanda cha makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kinachokamua mafuta ya mti huo. Daktari wa meno mwenyewe anayo eujenoli mezani: ikichanganywa na unga wa oksidi ya zinki inakuwa simenti ya kuzibia jino kwa muda. Ile ladha ya karafuu uliyotoka nayo kliniki si ya kukufurahisha, ni dawa.

Jino lenye tundu, neva iko wazi, unaweka pamba yenye tone la mafuta ya karafuu na inatulia. Huko karafuu inaishinda Panadol kwa kasi, nakubali mbele ya wakwe. Lakini baada ya mzizi kusafishwa mambo yamegeuka. Tundu limezibwa. Ndani hamna neva ya kutiwa ganzi. Kinachouma kiko chini ya mfupa, na mafuta unayoyapaka juu yatafika kwenye fizi tu. Yakiwa hayajachanganywa na mafuta ya kula, yanaiunguza, na unakuwa na vidonda viwili badala ya kimoja. Tena eujenoli huharibu ugumu wa vile vijazio vyeupe vya plastiki. Kama bado unasubiri kijazio cha kudumu, usijipake mafuta hayo kila saa.

Kwa hiyo karafuu kabla ya daktari, sawa. Baada ya daktari, irudishe kwenye pilau. Na usiweke kidonge cha aspirini juu ya fizi kama wazee walivyofanya. Asidi yake huichubua fizi ikawa nyeupe kama ngozi iliyomwagiwa maji ya moto.

Maji ya chumvi na barafu

Maji ya uvuguvugu, glasi moja na nusu kijiko cha chai cha chumvi, sukutua taratibu mara tatu nne kwa siku. Yanasaidia fizi iliyochubuliwa na kile kibano na mpira wanaokuvalisha, na mdomo unabaki safi wakati unaogopa kupiga mswaki. Kwenye mzizi hayafiki. Barafu ina nafasi yake zaidi: ifunge kwenye kitambaa, weka nje ya shavu dakika 10 hadi 15, toa, pumzika, rudia siku ile ya kwanza. Inapunguza uvimbe na inatia ganzi kidogo bila kuchokoza ini wala figo, jambo ambalo kwa mjamzito ni neema. Usikande shavu lililovimba kwa kitambaa cha moto, ingawa kinaliwaza.

Lala na mito miwili. Kichwa kikiwa juu, damu haijai tayani, na kugonga kunapungua. Hiyo haina bei.

Mwili wako ndio unaochagua

Mwenye vidonda vya tumbo, au aliyewahi kutapika damu: parasetamoli, barafu, basi. Kumeza Brufen na chakula kunapunguza kuwashwa lakini hakumlindi mwenye kidonda.

Mwenye presha anayetumia dawa za jamii ya enalaprili au losatani pamoja na dawa ya kukojoa: ibuprofeni ikiongezwa ya tatu, figo zinaweza kugoma. Parasetamoli kwanza, na ukikosa nafuu mpigie daktari wako. Anayemeza aspirini ndogo ya moyo kila siku aulize pia, kwa kuwa ibuprofeni inaweza kuizuia isifanye kazi yake. Wa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, asijaribu kabisa.

Mjamzito ni parasetamoli. Ibuprofeni na diklofenaki hazifai kuanzia wiki ya 20, na miezi mitatu ya mwisho ni marufuku.

Na jambo moja la miji yetu ya pwani. Dar es Salaam ilipigwa na dengue mwaka 2014 na tena 2019. Mombasa nayo inaijua. Ukiwa na homa kali, viungo vinauma na macho yanauma kwa nyuma, usimeze Brufen, diklo wala aspirini ukidhani ni jino, maana dengue na dawa za ukoo huo huleta kutokwa damu. Parasetamoli, kisha kapime.

Pale ambapo hakuna cha kulinganisha

Siku ya tatu inapaswa kuwa nyepesi kuliko ya kwanza. Ikiwa nzito zaidi, rudi kliniki. Shavu likivimba kuelekea jichoni au chini ya kidevu, mdomo ukikataa kufunguka, kumeza mate kukawa kazi, homa na kutetemeka, hapo usije dirishani kwangu. Nenda hospitali usiku huo huo. Uvimbe wa chini ya ulimi unaweza kuziba njia ya hewa.

Sasa lile nililoahidi. Nilipotibiwa gego langu nilikuwa na kila kitu kwenye rafu, na nilimeza kwa saa kama nilivyoandika. Siku mbili nilikuwa sawa. Siku ya tatu kugonga kumeisha, lakini kila nikifunga mdomo kulikuwa na kitu kama kokoto, na nikiuma tu mkate nashtuka hadi sikioni. Nikaendelea kumeza. Siku ya nne, ya tano, mfamasia mzima najipa Brufen za jino lililozidi kimo, kwa sababu rafu ilikuwa karibu kuliko kliniki. Mke wangu akaniuliza kama ningemuuzia mteja dawa siku tano bila kumwambia arudi. Siku ya sita nikarudi. Daktari akaniwekea kijikaratasi cha bluu, akasema "uma, sugua", doa likatokea juu ya kijazio, akagusa na mashine kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi. "Uma tena." Nikauma. Kokoto haikuwepo. Usiku ule sikumeza kitu.